Mlango wa Mikayi

Wahiwahi utamkuta mama si wako. Levi aliwahi. Huko Kanada, ambako karatasi zake hazimruhusu kutoka na kurudi, alifungua simu mapema ili amsikie mama yake akimuaga baba yake, akamkuta kwenye kioo mama mwingine anakunywa soda.

Mimi ndiye niliyeketi kwenye mashine iliyomwonyesha.

Marehemu, Mzee Maranga wa Ndhiwa, aliacha wake wawili. Mama Filister, mzazi wa Levi, ndiye mikayi, mke wa kwanza, na nyumba yake inatazama lango la boma. Mama Caren ni nyachira, mke wa pili, na yake iko kando, upande wa kulia. Nyumba hizo mbili zilikuwa na miaka mingi hazijaketi hema moja, kwa hiyo ukoo ukaamua kila mke aage akiwa mlangoni kwake. Ndiyo maana mimi na Wesley tulibeba kamera mbili kutoka Homa Bay. Wesley hurusha mazishi mtandaoni kwa ajili ya jamaa walio mbali. Biashara ni yake, diploma ni yangu. Asubuhi hiyo hata nilimtumia mama yangu kiungo, kule kwetu Kuria, Migori, aione kazi ya mwanawe.

Kamera zilikuwa za aina moja, hazitofautiani hata kwa alama moja. Kompyuta ilizitambua kwa kadi mbili za mtandao, kila kamera na kadi yake. Sasa, kiini cha mfumo, ile programu ya ndani kabisa inayoendesha kompyuta, hakijui mikayi wala nyachira. Mashine inapoamka, kadi inayojitokeza kwanza kiini huiita eth0, inayofuata eth1, basi. Siku kadi ile nyingine ikiwahi, hiyo ndiyo eth0. Ni kama mkunga na mapacha: anayetangulia kutoka ni Opiyo, anayefuata ni Odongo. Ila mapacha hawa huzaliwa upya kila unapowasha mashine.

Mimi nilikuwa nimeandika kanuni nje ya kiini, huku kwetu watumiaji, ya kuangalia kwanza kadi imechomekwa tundu lipi, ndipo iipe jina. Tundu la juu, mikayi. Tundu la chini, nyachira. Maana nyachira anaweza kuamka kabla ya jogoo akafagia boma zima, lakini nyumba yake haisogei ikaja kutazama lango.

Wesley aliyaona majina hayo akacheka.

"Nyamoita, hii ni nini? Huku ni Ndhiwa, si Zanzibar na Kiswahili chako."

"Mikayi ni Kijaluo, bosi. Ni neno lenu."

"Programu yangu inajua eth0 na eth1. Imefanya kazi miaka yote. Toa hizo majina zako."

"Umeme ukipotea tukawasha upya, zinaweza kubadilishana."

"Zinaweza! Si nimeleta jenereta mpya? Ama huko Kuria mmezoea giza?"

Vijana waliokuwa wakipanga viti wakaangua kicheko. Nikafuta kanuni yangu. Wesley hakunishawishi hata kidogo. Nilichoka tu kuchekwa. Vidole vilivyofuta ni hivi hivi.

Jenereta mpya ilizimika pasta akiwa katikati ya maombi. Ilikuwa imeishiwa mafuta. Ikajazwa, mashine ikaamka upya, na Mama Filister akasimama mlangoni kwake, ameegemea fimbo, akaanza kuzungumza na mumewe. Wesley akabonyeza eth0, picha ya nyumba ya kwanza.

Kwenye skrini kubwa ya hema, juu ya maandishi MKE WA KWANZA, akatokea Mama Caren kitini pake, chupa ya soda mdomoni. Dada yake akamnong'oneza jambo. Akacheka, na kicheko chake kikatoka kwenye spika zote.

"Yawa!" hema likapasuka. "Nyachira amekuwa mikayi!"

"Huyu nyar Kuria amenunuliwa soda ngapi?" Nyar Kuria, binti wa Kuria, ni mimi.

Mama Caren alikisikia kicheko chake mwenyewe kikimrudia, akajifunika uso kwa leso. Hakuwa na kosa lolote.

Mama Filister hakuiona skrini. Hema lilikuwa limempa mgongo. Alisikia watu wakipiga kelele, lakini akaendelea. Nilikuwa naiona midomo yake ikicheza. Ningekimbia nikamwambia, "Ngoja, Mama." Badala yake nilipiga magoti kwenye nyaya, nikazibadilisha, kwa sababu nilitaka picha ikae sawa kabla mtu hajajua kosa ni la nani. Picha ilipokaa sawa, uso wake ukajaza skrini. Midomo ilikuwa imefungwa. Alikuwa amemaliza.

Akaniita kwa mkono.

"Nyathina, mwanangu, Levi amesikia?"

Nilitikisa kichwa.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Mama."

Alishuka taratibu akaketi kizingitini. Wazee walipomsihi arudie, akakataa. "Mtu haagwi mara mbili. Nikirudia, nitakuwa naiambia kamera."

Nikamshika mkono nikampa pole. Alinijibu kwa kunifuta vumbi magotini, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko kelele zote za hema.

Kisha Mzee Dishon, ndugu ya marehemu, akasimama akauliza ni nani aliyewavua nguo mbele ya dunia. Wesley akawahi kipaza sauti.

"Ni huyu msichana, mzee wangu. Alichezea majina kwa mashine. Ataomba msamaha, halafu tuendelee."

Akanikabidhi kipaza sauti. Kamera ikanigeukia. Nikakumbuka kwamba mama yangu anatazama, na masikio yangu yakawaka moto.

"Sema tu, siz," Wesley akaninong'oneza. "Neno moja, tumalize."

"Mzee Dishon," nikasema, "majina niliyoyaweka yaliujua mlango wa kila mama. Niliyafuta asubuhi kwa mkono huu, huyu akiniamuru, na aibu ya kumtii ninayo, nitaenda nayo nyumbani. Mama Filister nimempa pole, na nitampa tena. Lakini nikiomba msamaha kwa kuyaweka, basi matanga yajayo mtaonyeshwa mama mwingine tena."

"Wewe mtoto, unaombwa neno moja!" Mzee Dishon akanguruma. "Omba msamaha!"

"Siombi."

"Nyamoita!" Wesley akanishika kiwiko.

Nikautoa mkono wake.

"Siombi."