Mstari Mmoja

Soudi aliona mstari mmoja kwenye kipimo akaruka kutoka kwenye benchi.

"Moja! Yaya Aïcha, ni moja tu! Sina kitu!"

Kabla sijafungua mdomo alikuwa tayari uani, simu sikioni, anamwambia mama achinje kuku. Sikushangaa. Hapa Kindu hata mtoto wa shule ya msingi anajua kusoma kipimo cha malaria: mistari miwili, unaumwa; mmoja, nenda nyumbani. Na mdogo wangu huyu, ambaye mimi ni yaya wake, dada yake mkubwa, nimemchoma kidole katika maabara hii mara nyingi kuliko mgonjwa mwingine yeyote.

Lakini siku hiyo sikumchoma kidole. Alikojoa kikombeni. Kampuni ya malori iliyotafuta madereva wa njia ya Kibombo ilitaka kujua kwanza kama wanameza vidonge vya kukesha, vile wanavyomeza wachimbaji wa Pangi ili wakae shimoni bila kusinzia. Na kipimo cha vidonge husomwa kinyume. Aliye safi hupata mistari miwili. Anayemeza hupata mmoja.

Nilipeleka kile kipande cha plastiki dirishani. Mstari wa pili, hata ukiwa hafifu kama unywele, unatosha kumwokoa mtu. Nilikigeuza, nikakikinga na mwanga, nikakisogeza karibu na jicho. Weupe mtupu. Nikafungua kipimo kingine, nikadondosha mkojo uleule, nikasubiri. Weupe.

Nilimwita ndani, nikafunga mlango. Dawa nyingine za mafua nazo hufuta mstari.

"Ulikunywa dawa ya mafua?"

"Mafua gani? Miye niko muzima."

"Soudi, hii si ya malaria. Moja hapa maana yake umemeza."

Alicheka, akidhani namtania. Kisha akanitazama vizuri, kicheko kikakauka.

"Nilikuambia niliacha."

"Uliniambia."

"Nameza nusu tu, yaya. Nikilala wanakuja."

Sikumuuliza akina nani. Wakati wa vita, mji ulipozingirwa, reli ikanyamaza na chumvi ikawa kitu cha kuota, wapiganaji wa msituni walimkamata njiani akienda kuchuma sombe, majani ya muhogo, shambani kwetu. Alikuwa bado analala ubavuni mwa mama. Walikuwa na maji yao ya dawa ya kuzuia risasi, na kila aliyeingia kwao alinyunyiziwa. Kwa watoto, mkubwa wao aliongeza jambo: alisaga vidonge vyeupe ndani ya maji hayo, akawanywesha. Soudi alirudi akiamini kwamba ni vile vidonge vilivyofanya risasi zimkose. Sasa niambie, unamwachishaje mtu kitu anachoamini ndicho kilichomweka hai?

"Andika mbili," akasema. "Weye njo mwenye kuandika. Nani ataona?"

Nje ya dirisha, Blanchard, mtu wa kampuni aliyengojea majibu, alikuwa akila karanga kivulini.

"Njia ya Kibombo unaijua," nikasema. "Wamama wanakaaka juu ya magunia ya mupunga, watoto mu mugongo. Ukisinzia?"

"Sitasinzia! Si njo kazi ya dawa?"

"Na siku dawa itaisha, wale wako wakikuja katikati ya barabara?"

Alinishika mkono.

"Yaya, nikikosa hii kazi narudi mu shimo ya Pangi. Unajua kule. Sina nguvu tena ya kule."

"Najua."

Nilitoka nikampa Blanchard jibu lilivyo. Akalisoma, akapukuta maganda ya karanga kwenye suruali.

"Huyu basi, hatumuchukui. Njo ndugu yako?"

"Wa tumbo moja."

"Eh, mama! Weye uko mugumu." Akaondoka akitikisa kichwa, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na dawa mwilini.

Nyumbani kuku alikuwa amekwisha kuiva. Soudi hakuja kula. Alipanda pikipiki ya wachimbaji kuelekea Pangi, na mvua zilipoanza, shimo likawaporomokea yeye na wenzake. Hawakufukuliwa. Tuliweka matanga bila maiti.

Mama aliniita katikati ya mikeka, mbele ya watu wote.

"Kalamu ilikuwa mu mukono yako, Aïcha. Ungeandika vile aliniambia alikuomba, mutoto wangu angekuwa anakula hapa. Sema tu: nisamehe. Hata kama haitoki mu roho."

"Sema, mama yangu," shangazi akanisihi. "Neno halikuui."

Wote wakanitazama. Niliwaza juu ya yule mkubwa wa msituni aliyesaga vidonge. Nasikia ana cheo siku hizi, na nyumba ya matofali. Hakuna aliyewahi kumpa kikombe akojoe, wala kumketisha mkekani akamdai neno. Na wale wamama wa magunia, ambao labda wangekufa, hawajui kwamba wako hai kwa ajili ya jibu lile. Hakuna hata mmoja aliyekuja matangani kunitetea.

"Nitamlilia Soudi mpaka nizikwe," nikamwambia mama. "Lakini nilisema nilichokiona. Musamaha siombi."

Akaanza kupiga mayowe upya, na wanawake wakamfuata. Nilibaki nimesimama palepale.

"Siombi," nikasema tena.