Kinachopigiwa Makofi

Kazi ya binti yule ilikuwa ndogo kwa macho tu: kukaa nyuma ya pazia, mswada mapajani, na kumnong'oneza mwigizaji aliyesahau maneno yake. Nyota wa mchezo alikuwa mama yake mzazi. Miaka thelathini jukwaani, na hakuwahi kunong'onezwa hata neno moja.

Mwaka huu mama alianza kusahau. Binti ndiye aliyegundua, akafunga mdomo, maana mama akitolewa jukwaani atabaki na nini? Naye mama, kwa ujanja wa mtu aliyezeekea kazini, kila alipokwama alibuni lake papo hapo, na watu wakavunjika mbavu. Sasa mwongozaji, ambaye kundi zima lilimwita Makofi, alikuwa na kanuni moja: kilichopigiwa makofi kinaandikwa, na kesho kinasemwa vilevile. Basi binti akawa anaandika kwa wino mwekundu yale mama aliyoyabuni kwa kusahau, na mama anayasahau hayo nayo. Makubwa! Mswada ulijaa wekundu, na binti akakonda kwa hofu.

Jumamosi moja, onyesho la saa tisa alasiri, mama alifika pale mchezoni anapomfukuza mkwe wake, akanyamaza. Binti akanong'ona. Akarudia. Mama akageuka, akalitazama pazia, akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, hapa ni wapi? Nirudishe nyumbani."

Ukumbi mzima ukadhani ni sehemu ya mchezo. Watu wakasimama, wengine wanafuta machozi, wakapiga makofi mpaka mikono ikawauma.

Pazia lilipofungwa, Makofi alikuja mbio, meno yote nje. "Umeiandika ile? Mama yako ni balaa! Kesho airudie vilevile, na asisahau kule kugeuka."

Binti alishika kalamu, kisha akaiweka chini.

"Hawezi kuirudia, mkubwa. Hakuwa anaigiza. Mama anapotewa na akili. Miezi sita sasa namfichia."

Macho ya Makofi yalikuwa nyuma ya binti, na binti akageuka.

Mama alikuwa amesimama pale, wigi la mchezo mkononi, akili imemrudia yote.

"Kumbe unajua," alisema. "Na mimi siku zote nahangaika nikufiche wewe usijue."