Santuri ya Baba na Vidole vya Joram

Kaka yangu Joram alikuwa amesimama kwa kichwa juu ya katoni iliyotandazwa uani, miguu ikipiga hewa ya mtaa wetu wa Nyalenda, aliposema kwamba sasa kilichokosekana ni muziki wa kukwaruza. Ningemwangusha pale pale.

Ilikuwa mwaka wa 1985. Ukumbi wa video karibu na bomba la maji ulikuwa umerudia filamu moja ya vijana wa Amerika wanaocheza barabarani hadi picha ikaanza kunyesha mvua ya mikwaruzo. Tangu hapo wavulana wote wa mtaa walitembea kama waliovunjika viungo. Ndani ya filamu, jamaa mmoja alisukuma santuri mbele na nyuma kwa vidole, ikalia kama paka aliyekanyagwa, na watu wakashangilia. Wakashangilia!

Nyumbani tulikuwa na santuri moja tu ya Baba. Aliirekodi Nairobi akiwa kijana mwenye gitaa, na sauti ya kike ndani yake ni ya Mama, kabla hajaokoka na kuapa kutoimba tena nyimbo za dunia. Nakala nyingine zote zilikuwa zimepotea. Kesho yake Baba angeipeleka kwa Wepukhulu, fundi wa kanda pale steji ya matatu mjini, ainakili kabla haijafa.

"Joram, hiyo ni ya Baba!"

"Tulia, Aoko. Wewe hujui sanaa."

Akaiweka kwenye gramafoni, akaikwaruza. Ililia sawasawa na ile ya filamu.

Jioni Baba alitaka kuisikiliza. Gitaa likaingia, kisha sauti ya msichana ikapanda: *Mto Sondu umejaa, nitavuka...* Sindano ikaruka nyuma. *Nitavuka. Nitavuka. Nitavuka.*

Joram alitazama viatu vyake. Baba hakufoka, jambo lililoniudhi zaidi.

"Omera," alimwambia Joram polepole, "mama yako umemwacha katikati ya mto."

Mama akatoka jikoni na mwiko. "Si mumnyamazishe huyo msichana! Majirani wanasikia!" Hakuna aliyesogea. "Yawa, wanaume wa hii nyumba!" Akainua sindano mwenyewe, kwa kidole chenye unga. Halafu akabaki amesimama pale, ugali ukiungua.

Asubuhi alifunga kitambaa chake cha kanisa, akamfuata Baba mjini. Santuri niliibeba mimi. Wanaume walikuwa wameshaonyesha jinsi wanavyoitunza. Sindano ilipokwama tena dukani, Wepukhulu alisimamisha kanda, akamsogezea Mama maikrofoni.

"Maneno mawili tu," Mama alisema. "Na ufunge mlango. Wenzangu wa kanisa wasinione."

Wepukhulu akafunga. Mama aliimba, fundi akavusha sindano mbele ya mkwaruzo, na Mama akachukua mkoba wake, akatangulia nje.

Joram sasa ni baba wa watoto, na bado huwachezea wageni kanda hiyo. Ikifika pale santuri ilipokwama huinua kidole. "Hiyo ni kazi yangu," husema, na mimi huenda kuteka maji ambayo hayahitajiki.

Lakini nikiwa peke yangu huisikiliza. Msichana anaimba *nitavuka*, gitaa linakatika. Kimya. Kisha mwanamke mzima, koo limekauka kwa moshi wa jikoni, anamalizia: *na nani?*

Ndipo gitaa la Baba linaingia tena, changa kama zamani, kana kwamba lilikuwa likimngoja ng'ambo.