Kaimati Zisizo na Mkia

Tangu Najiat aseme kwamba chuo cha Ujerumani kimemwita akasomee seli za mwili, mama yake hakuwa amejibu ndiyo wala hapana. Bi Anifa alijua kununa. Alipika, alicheka na majirani wote wa mtaani kwao Tabora, ila safari ikitajwa tu, alikumbuka nguo za kuanua. Na bila radhi ya mama Najiat haendi; hilo wote wawili walilijua.

Jioni moja ya Ramadhani, futari ikikaribia, walikuwa jikoni wakikaanga kaimati. Bi Anifa aliminya unga ulioumuka, ukachomoza juu ya ngumi, akaubana kwa kidole gumba na cha shahada, ukadondoka kwenye karai, mviringo. Za Najiat zote zilikuwa na mikia.

"Chovya mkono majini kwanza! Umelelewa nyumba hii au umeokotwa?"

Najiat akacheka. "Mama, hicho unachofanya ndiyo masomo yangu."

Bi Anifa akatamani kukumbuka nguo, lakini mafuta yalikuwa motoni. Akabaki.

"Seli imezungukwa na utando laini," binti akaendelea. "Kuna protini zilizopinda kama kiganja chako, zinaupinda utando mpaka unatuna kama kifuko. Halafu nyingine zinajizungusha shingoni, zinabana, zinabana, mpaka kifuko kinakatika na kwenda zake na mzigo wake."

"Na pale kilipokatikia, hapavuji?"

"Panajifunga papo hapo, mama. Hata tundu halibaki."

Bi Anifa akatazama bakuli. Kweli, unga ulikuwa umejifunga, huwezi kujua kama kuna kilichotoka. Akauonea wivu. Mumewe alishazikwa, binti mkubwa kaolewa Mwanza, na huyu ndiye pekee aliyebaki nyumbani.

"Basi hiyo seli yako haijui uzazi," akasema. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi tundu litabaki."

Machozi yakamlenga Najiat. "Basi siendi."

"Nani kakwambia usiende?"

Akaushika mkono wa binti yake, akauchovya majini, akaujaza unga, kisha akaufumbata ndani ya mkono wake. "Unabana kwa woga, ndiyo maana mkia unabaki. Bana, halafu achia."

Wakabana pamoja. Ikadondoka moja, mviringo kabisa.

"Radhi yangu unayo," Bi Anifa akasema, macho kwenye mafuta.

Adhana ilipolia, hakugusa tende. Alifuturu kwa kaimati ile.