Mnusaji Mlimani

Fundi cherehani alikuwa na gari dogo la dizeli aliloliita Mnusaji, kwa sababu, kama alivyopenda kujisifu, halinywi mafuta, linanusa tu. Kila mteremko alizima injini na kuliacha liteleze lenyewe. Mshale wa mafuta ulipolala chini kabisa, alicheka. "Huo mshale ni mwoga. Bado tutafika."

Asubuhi mkewe aliposhikwa na uchungu, mshale ulikuwa umelala vivyo hivyo. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika, na daktari alitaka safari hii azalie hospitali kuu, juu mlimani. Mama mkwe aliingia kiti cha nyuma, akakilaza kichwa cha binti yake mapajani.

"Mafuta yapo, baba?"

"Yapo, mama. Na galoni ya akiba iko kwenye buti."

Waliipita zahanati ndogo, wakaanza kupanda. Katikati ya mlima Mnusaji alikohoa, akakohoa tena, akanyamaza.

Fundi alishuka mbio, akamimina galoni yote. Akawasha. Injini ilizunguka, haikushika. Akarudia, akarudia. Ndipo alipokumbuka kwamba dizeli ikiisha kabisa, hewa huingia kwenye mipira ya mafuta, na isipotolewa, kuongeza mafuta ni kazi bure. Alifungua boneti, akakibonyeza kipampu cha mkono mpaka kidole gumba kikachubuka. Akalegeza nati ya kutolea hewa. Likatoka povu, povu tupu. Alipojaribu kuwasha tena, betri nayo ilikuwa imechoka: ka, ka, ka.

"Linanusa, linanusa," alisema mama mkwe. "Haya, leo limekosa hata cha kunusa."

Fundi alirudi ubavuni mwa gari. Barabara ilikuwa tupu, juu na chini. Mkewe alimshika mkono kupitia dirishani, akaukaza mpaka mifupa ikamuuma.

"Mume wangu, huyu hasubiri."

Aliegemeza paji la uso kwenye paa la gari. Mungu wangu, usimlipishe yeye ubahili wangu. Alitaka kuomba zaidi, maneno yakamwishia. Alipoinua kichwa aliona bati la zahanati kule chini.

"Mama, mshike vizuri. Tunarudi kinyumenyume."

Aliweka gia huru, akaachia breki. Mteremko huu aliujua. Mara nyingi aliushuka akipiga mluzi. Leo, bila injini, usukani ulikuwa mzito kama gogo, na breki ilitaka miguu yote miwili. Alitazama nyuma, juu ya bega la mama mkwe, aliyekuwa akinong'ona kila kona, "Ee Mola, ee Mola."

Mlangoni mwa zahanati muuguzi aliwapokea, akawaingiza ndani wanawake wote wawili. Fundi alibaki kwenye usukani, mguu ukiwa bado umekanyaga breki. Alisikia mkewe akipiga kelele, kisha hakusikia kitu. Kimya kile kilimmaliza. Hata kuomba hakuweza.

Mama mkwe alitoka. Uso wake haukusema lolote. Aliokota jiwe, akainama, akalisukuma chini ya gurudumu.

"Toa mguu, mwanangu. Halitakwenda popote."

"Mama, yukoje?"

"Mzima. Na mtoto alikawia kulia, lakini amelia. Shuka basi, unaitwa."

Mguu ulikataa kuinuka. Ilibidi aushike kwa mikono miwili, autoe kwenye breki.