Karatasi Nzito kwa Maji ya Makote

Jumatatu asubuhi Anifa alizipanga karatasi zake juu ya meza, kwenye banda lake la uchoraji karibu na soko la Newala, akizipapasa moja moja kama mtu anayechagua kanga. Kwa penseli alitenga zenye meno madogo, ule ukwaruzo unaoshika rangi. Za mkaa zilitakiwa ziwe na meno makali zaidi, maana mkaa ukipakwa kwenye karatasi laini hupukutika wote ukabaki mikononi mwa mteja. Za wino ziwe nyororo, zisizonyonya. Kwa rangi za maji aliamini aina moja tu, karatasi nzito ya pamba, ambayo aliiagiza Dar es Salaam na kuifungia kabatini. Wateja wengi hawakuijua tofauti hiyo, na walipoelezwa waliuliza kama hana manila.

Saa tatu aliingia Bwana Eliakimu, msimamizi wa mradi wa maji wa Makote. Alitaka picha ya bomba. Mgeni wa mradi angefika Ijumaa, na kituo cha kuchotea maji kilikuwa tayari kimejengwa kwa zege, kimepakwa rangi na kuandikwa tarehe. Kilichokosekana ni mabomba, na kwa hiyo maji. Mabomba yenyewe yalikuwa stoo tangu mwaka juzi yakisubiri saini. Picha ingebandikwa kwenye zege ili mgeni aione nia. Bwana Eliakimu alikuja hata na karatasi, aliyoichomoa kwenye mashine ya kurudufia ya ofisini kwake.

Anifa aliipapasa, akamrudishia. Alimweleza kwamba rangi ya maji ingeikunja na kuitoboa kabla haijakauka. Bwana Eliakimu akasema picha ni ya siku moja tu. Anifa akajibu kwamba hiyo haifiki hata saa moja.

Ubishi huo ulikuwa na sababu. Makote ndiko alikozaliwa, na mama yake, Bi Mwanaheri, alikuwa bado akiteremka bondeni kila alfajiri kufuata maji, goti la kulia limevimba. Anifa alikwishamnunulia dawa, akamsihi ahamie mjini, wakagombana. Mama hakuwa tayari kuiacha mikorosho yake. Kama Makote ingepata bomba, hata la kuchorwa, Anifa hakutaka lichorwe ovyo.

Karatasi nzito sharti iloweshwe kwanza, kisha ibanwe ubaoni ikauke ikiwa imenyooka. Ndivyo mafundi wanavyofanya kwingine. Lakini mtu aliyekulia Makote hawezi kumwaga beseni zima la maji kwa ajili ya karatasi bila kuona aibu. Miaka yote Anifa alikuwa akiipangusa tu kwa kitambaa chenye unyevu, na mito yote aliyowahi kuichora ilionekana mikavu. Safari hii alikwenda Makote na beseni lake. Mama aliitazama ndoo aliyoipandisha asubuhi hiyo, akaimimina yote.

"Yasije yakapotea bure," alisema.

Alhamisi jioni Anifa aliibandika picha kwenye zege: bomba la kawaida, koki ya shaba, maji yanatoka. Ijumaa asubuhi maji yalikuwa yanatoka. Yalishuka kutoka kwenye karatasi, unene wa kidole, yakiwa na ladha ya gundi kwa mbali. Wanawake walikuwa wameshapanga foleni ya ndoo, na mmoja wao alilalamika kwamba presha ni ndogo. Mgeni alionja, akasifu ubaridi wake. Bwana Eliakimu akajaza fomu kwamba Makote inapata maji, jambo ambalo lilikuwa kweli. Wiki iliyofuata mabomba yalipakiwa kwenye lori yakapelekwa Masasi, ambako shemeji yake alikuwa anajenga nyumba ya kulala wageni.

Anifa alikasirika, akamfuata ofisini.

"Bwana Eliakimu, ile ni picha."

"Inatoa maji au haitoi, dada Anifa?"

Inatoa, alisema Anifa, kwa kuwa hakuzoea kusema uongo.

Kwa miezi minne Bi Mwanaheri hakuteremka bondeni. Goti lilinywea, akapanda mchicha nyuma ya nyumba. Kisha karatasi ikaanza kuchoka. Nyuzi za pamba zilichomoza kwenye kona, koki ikapauka, maji yakawa matone. Hakuna aliyekwenda kwa Bwana Eliakimu kudai bomba. Walimtuma Bi Mwanaheri kwa binti yake.

Aliteremka kwenye bodaboda mbele ya banda akiwa na ndoo iliyojaa, majani yakielea juu yake ili maji yasimwagike njiani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea ya kuloweshea."

Anifa hakuhitaji kuuliza alikoyachota. Alimkalisha, akamwonyesha karatasi nyepesi ya kurudufia. Akichora kwenye hii, alisema, itatoboka siku hiyohiyo. Makote itakauka mchana kweupe, fomu itakuwa ya uongo, watu watamfuata Bwana Eliakimu mpaka mabomba yarudi. Yatachukua mwaka, labda miwili, lakini yatarudi.

Bi Mwanaheri alimsikiliza mpaka mwisho. Aliunyoosha mguu wake wa kulia. Goti lilikuwa limevimba tena.

"Mpaka yarudi, nani atakuwa anateremka?"

Anifa aliishika ile karatasi nyepesi kwa muda. Roho ilimuuma, kwa sababu alijua yuko sahihi, na alijua mama naye yuko sahihi. Akairudisha mezani, akafungua kabati, akatoa ile nzito. Aliweka beseni sakafuni, akayatoa majani, akamimina maji yote, akaizamisha karatasi na kutazama saa. Robo saa inatosha.

Kwenye fomu ya mwezi ule, kama ya mwezi uliotangulia, Makote ilikuwa inapata maji.