Mkanda wa Kwanza Bila Baba

Karakana ile ilikuwa na sheria moja tu, na marehemu mwenye karakana hakuwahi kuiandika ukutani: mkanda wa usalama wa kupandia minara hautoki mlangoni kabla aliyeushona hajaning'inia nao. Kwa miaka thelathini mzee alipanda ngazi, akatundika kulabu kwenye boriti, mita sita juu ya sakafu ya saruji, akaachia miguu. Huko juu alisoma gazeti kama yuko kibarazani, na chai akapandishiwa kwa kamba.

Binti yake aliogopa mahali pa juu tangu utotoni. Hata kupanda kiti abadilishe balbu kulimtoa jasho. Ndiyo maana baba alimwachia kukata tepe na kufunga vifungo tu. Lakini baba alikuwa na miezi miwili kaburini, na mkanda uliokuwa mezani aliushona yeye, mwanzo mpaka mwisho. Mwenye mkanda, mpanda minara, alikwisha fika kuuchukua.

"Ning'iniza gunia la mchanga, mwanangu," shangazi yake alimnong'oneza. "Nani atajua?"

"Nipe tu, dada," mpanda minara naye akasema, kwa roho safi. "Mzee alinishonea minne, na bado nipo. Nakuamini."

Neno hilo likamkata maini. Anamwamini nani? Anamwamini aliyelala kaburini. Na kesho atakuwa juu ya mnara, upepo unampiga, maisha yake yameshikwa na mkono wa mtu ambaye hajawahi kushona mkanda mzima kabla ya huu. Akauvaa, akaanza kupanda.

Ngazini alishika kila kipandio kwa mikono miwili. Alimlaumu baba yake kimoyomoyo kwa sheria zake za ajabu, kisha akamwomba radhi, maana alimkumbuka mno. Alitundika kulabu, akaikagua mara tatu; ya nne ilikuwa ya kujichelewesha tu. Chini, shangazi alijifunika uso kwa viganja.

Akaachia miguu.

Ta! Utepe wa bega la kushoto ulichanika mshononi. Alishuka ghafla, akapiga ukelele, akabaki amening'inia upande kwa bega moja. Mpanda minara alikimbilia ngazi, akamshika kiunoni. Hapo ndipo binti alipouona utepe uliochanika, karibu na pua yake, na kosa lake likiwa wazi: kwa hofu alikuwa amekaza uzi mno, kila tundu, hata ukaukata utepe wenyewe.

Alipofika chini aliuvua. Akachukua mkasi, akaukata mkanda vipande viwili, asije mtu akaujaribu.

"Pole, dada," mpanda minara alisema. "Basi safari ijayo ning'iniza hata gunia tu."

"Njoo kesho saa nne," alijibu, mkono ukivuta utepe mpya. "Ukiambiwa sijapanda, usiuchukue."